Kiganja cha Mchumba

Sheria ya visiwa vyote ni moja: jiko la mchana huwashwa kwa kiganja cha mke, la jioni kwa kiganja cha mume, ili kazi za nyumbani ziwe nusu kwa nusu.

Jioni hiyo Mwatima alitungua msumarini, kando ya upawa, kiganja cha mpira kilichonakiliwa kutoka mkono wa mumewe. Akakibandika kwenye jiko, likawaka. Mumewe alikuwa barazani akisikiliza habari: kisiwa chao kimeongoza tena kwa usawa.

Binti yao Raya, nahodha wa meli ya abiria, alikuwa akifungua sanduku lililoletwa na wakwe zake watarajiwa. Ndani yake mlikuwa na kanga, udi, na kiganja cha mpira cha Nassor, mchumba wake.

"Mama, Nassor aliniahidi atapika mwenyewe."

"Hata mimi niliahidiwa, mwanangu."

Raya alikitazama kile kiganja cha mpira cha baba yake, vidole vimelika, ukingo umeungua.

"Mbona kimechakaa hivi?"

"Miaka thelathini kinapika," alisema Mwatima. "Nenda kamshike mkono baba yako, uone ulivyo laini."