Kijiti cha Kumkunia Nungunungu

Enzi wanyama walipokuwa bado wanapigiana hodi, Nyegere, ambaye kila jambo alilifanya kwa kishindo, alikuwa akifukua asali akabomoa mlango wa jirani yake Nungunungu. Nungunungu hakugomba. Alifunga virago tu.

Nyegere akababaika, maana hakuwa na jirani mwingine wa kumvumilia. Akambebea sega zima la asali.

"Jirani, yaliyopita si ndwele. Pokea."

"Nina jino bovu, jirani. Asali siigusi. Miaka yote hii tunakaa ukuta kwa ukuta, hujui?"

Nyegere akarudi na sega lake, na siku hiyo asali haikumnogea. Akajiuliza, huyu jirani namjua nini mimi? Ndipo akakumbuka kwamba kila asubuhi humwona akijisugua mgongo kwenye kisiki, kwani nani atathubutu kumkuna nungunungu?

Akakata kijiti cha mswaki, akakitafuna ncha mpaka ikalainika, akarudi.

"Hodi tena. Geuka nikukune."

Nungunungu akasita, kisha akageuka. Kijiti kikapenya katikati ya miiba.

"Kushoto kidogo," akasema, macho ameyafumba. "Hapo hapo. Usitoke hapo."

Jioni ile ile virago vilifunguliwa.

Kulipokucha, Nyegere alikuta mlangoni pake mwiba mmoja uliosuguliwa vizuri, wa kuchokonolea nta menoni. Naye hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba nta humnasa.