Nambari Moja ya Miaka ya Themanini

Fundi redio alibishana kuhusu muziki huku amezikodolea macho taa mbili za kijani.

Taa hizo zilikuwa usoni mwa redio yake ya kaseti, lidude kubwa la spika moja lililokaa kwenye rafu ya juu kabisa, na zilicheza kufuata mdundo. Zikiruka, ngoma zimeingia. Zikitulia, mwimbaji anavuta pumzi. Nyimbo za miaka ya themanini alikuwa nazo zote kichwani, kwa hiyo taa zilimtosha kujua wimbo umefika wapi. Ilibidi zimtoshe, maana masikio yake yalikuwa yamekufa. La kulia lilitangulia, la kushoto likafuata, na hakumwambia mtu. Nani atampelekea redio fundi kiziwi?

Redio za wateja alizijaribu kwa kugusa spika kwa kidole mpaka ahisi inatetemeka. Ya kwake hakuifungua miaka mingi; mganga hajigangi. Maneno ya watu aliyasoma midomoni. Lakini aliyemhofia zaidi hakuwa mteja. Alikuwa mshonaji.

Mshonaji alikuwa na cherehani yake ng'ambo ya barabara, na tangu ujana wao walikuwa na ubishi mmoja tu: wimbo upi ulizipita zote za miaka ile. Nafasi za chini walishakubaliana, baada ya kununiana sana. Iliyobaki ilikuwa nambari moja. Fundi redio alishikilia wimbo wa gitaa refu. Mshonaji alishikilia wimbo wa mwanamke anayeagana na mtu kituoni. Kila jioni alivuka na kigoda chake, uzi wa buluu wa kushonea sare za shule umemning'inia shingoni, wakaweka kaseti na kuanza kurushiana maneno.

"Wako ni gitaa tupu," mshonaji alisema. "Mwimbaji amekuja kusindikiza."

"Na huyo wako anaimba au anamenya vitunguu?"

Fundi redio alikuwa mjane, na wanawe walikuwa mbali. Ubishi ule ukiondoka angebaki na nini? Hakuna anayebishana muziki na kiziwi. Kwa hiyo alitazama taa, akatazama midomo, akaomba Mungu asigundulike.

Na Mungu alionekana kumsikia. Mshonaji, ambaye zamani aliketi ubavuni kwake, sasa aliketi wakitazamana uso kwa uso, akaanza pia kuongea polepole. Alisema ni uzee. Hata muuza viatu wa chumba cha pili, aliyezoea kugonga ukuta wapunguze kelele, aliacha ghafla na kuanza kumsalimu kwa tabasamu.

"Hatimaye ameujua muziki," fundi redio alijisemea.

Siku moja alitoka kununua risasi ya kulehemu. Aliporudi alimkuta mshonaji amesimama juu ya kigoda, kichwa nyuma ya redio.

"Unatafuta nini huko?"

"Sindano yangu. Imeniruka."

"Imeota mabawa?"

Mshonaji alishuka, akajifuta vumbi mikononi, akaketi. Alimtazama rafiki yake kitambo.

"Weka wimbo wako," alisema.

Fundi redio aliuweka. Taa ziliruka. Mshonaji alifumba macho, akayumbisha kichwa, akapigapiga mguu sakafuni, na hakufumbua mpaka alipoguswa bega kuashiria kwamba wimbo umekwisha.

"Leo nimeusikiliza vizuri, ndugu yangu," alisema. "Umenishinda. Huu ndio nambari moja."

Fundi redio alicheka mpaka akatoka machozi. Kila mteja aliyekuja wiki ile alihadithiwa ushindi huo, atake asitake.

Haukupita muda moyo wa mshonaji ulisimama akiwa kazini, mguu ungali kwenye pedali. Fundi redio alisaidia kumzika, akarudi dukani, akakaa bila kuwasha kitu. Alikuwa na huzuni ambayo hakujua aiweke wapi. Hata ushindi wenyewe ulimchachia, kwa kuwa mtu wa kumtambia hakuwepo.

Siku chache baadaye binti wa mshonaji alivuka barabara na kile kigoda.

"Baba mdogo, hiki ni chako sasa," alisema. "Na ule wimbo wa baba, wa kituoni. Naomba uniwekee."

Aliuweka, na kwa mara ya kwanza maishani hakuufanyia mzaha. Taa za kijani zilipanda taratibu, zikashuka taratibu. Aliujua kila mstari. Zilipofika pale mwanamke anapopunga mkono, fundi redio alilia wazi, mbele ya mtoto wa mwenzake, bila kujificha.

"Sikiliza hapo, mwanangu," alisema. "Hapo anapoaga. Baba yako ndiye alikuwa sahihi. Huu ndio nambari moja."

Binti aliitazama redio. Akamtazama yeye. Midomo yake ilisogea, na fundi redio aliisoma neno kwa neno.

"Baba mdogo, mbona haitoi sauti?"

Fundi redio alipanda juu ya kigoda, akaigeuza redio. Waya wa spika ulikuwa umekatika. Ncha zake mbili zilikuwa zimeunganishwa kwa uzi wa buluu, kwa fundo dogo safi la mshonaji, na vumbi lilikuwa limeshatanda juu yake.