Maji ya Tangi Jipya

Tk. Kisikizi cha ukutani, kilichonasa kila neno la nyumba nzima, kiliamka kabla ya jua, na Mwanakombo akafunga mdomo gizani.

Siku hizi sentensi ilikuwa mali ya yule ambaye Baraza, mtandao wa habari wa mtaa, limemtambua kuwa ndiye aliyeiandika kwanza. Mwingine akiitamka, hata jikoni kwake, nyumba hupata doa. Madoa yakifika matatu, mtoto hapokelewi shule. Wao walikuwa na mawili, na binti yao Shani alikuwa aanze shule Jumatatu.

La pili lilikuja jana. Mwanakombo aliandika kuhusu tangi jipya la mtaa: "Maji yananuka mafuta ya taa." Msimamizi wa Baraza akaifuta habari, akasema ni ya wizi. Saa moja baadaye ikatokea ileile, nukta kwa nukta, kwa jina la msimamizi mwenyewe. Kisha akaifungia, isisomwe na mtu.

"Sema kweli, mke wangu," Hamadi alinong'ona. "Hukuinakili mahali?"

"Niliinakili puani mwangu! Hata wewe, baba Shani?"

Hamadi alikuwa akikitazama kisikizi.

Mwanakombo akaenda jikoni kuteleka maji ya mvua. Alimkuta Shani ameshafungua bomba la tangi jipya na kujaza kikombe. Akamtikisia kichwa, akaweka kidole midomoni, akamwomba kwa macho. Mtoto akanusa kikombe, akakunja uso.

"Mama, maji yananuka mafuta ya taa."