Salamu za Bibi

Bi Mashavu alimwandikia binti yake Hadia, aliyekwenda ng'ambo kufanya kazi za nyumbani, kumjulia hali. Jibu lilirudi upesi: "Mzima mama. Saumu aje haraka, nafasi yake ipo."

Saumu, mdogo wake Hadia, alikuwa chumbani akikunja nguo za safari huku akiimba.

Bi Mashavu aliusoma ujumbe tena. Hadia hakuwa mtu wa kumwandikia mama yake bila shikamoo, hata akiwa amekasirika. Siku hizi shikamoo hiyo ilikuwa imepotea, na kila alipopigiwa hakupokea. Majirani walimwambia asijisumbue, huko kazi ni nyingi.

Akaandika taratibu: "Bibi yako anakusalimu. Anauliza utarudi lini."

Bibi huyo alifariki mikononi mwa Hadia mwenyewe, kabla hajasafiri.

Haukupita muda simu ikatoa mlio. "Nami namsalimu sana. Mwambie nitarudi karibuni."

Bi Mashavu aligeukia mlango wa chumbani.

"Saumu! Ziache hizo nguo, mwanangu."

"Kwa nini, mama?" Saumu alitoka akiuliza. "Dada anasemaje?"

Bi Mashavu akamwonyesha zile salamu za bibi na jibu lake. Akaiweka simu mezani, akaichukua pasipoti ya Saumu na kuisunda kifuani, ndani ya kanga.

Ndipo simu ikaanza kuita. Jina lilikuwa la Hadia. Iliita ikakatika, ikaita tena, na mama na mwana wakabaki wameshikana, wakiitazama ikitetemeka na kusogea kidogo kidogo kuelekea ukingo wa meza.