Geti la Saa Sita

Siku hizo sheria ilisema kivuli si mali ya mtu: ikifika saa sita mchana, kila mwenye mti alifungua geti, na yeyote aliingia kupumzika. Nyemo alilijua hilo. Lakini mwanawe mchanga alikuwa amejaa vipele vya joto, na bustani ya nyumba ile ya Dodoma, chini ya mizambarau, ilikuwa na ubaridi kama wa alfajiri.

"Wanakuja wengi?" alimuuliza mwenye nyumba, mzee Chilewa.

"Majirani tu, mwanangu. Watu wazuri."

"Sasa mbona unauza?"

Mzee alicheka kidogo, akatazama pembeni.

Nyemo akainunua. Siku aliyohamia, mchana, alitoka na mtoto mgongoni akakuta mikeka imejaa hadi ukutani. Watu walizungumza kwa sauti za chini, watoto wao wamelala fofofo. Akasimama juani mbele ya mlango wake mwenyewe, hajui aanzie wapi.

Mwanamke mmoja akajisogeza kumpisha. "Njoo ukae, dada, mtoto anaungua," alisema kwa huruma. "Ila kesho uwahi. Hapa wageni huwa hawapati nafasi."