Fimbo ya Vidonge

Nyumba ya kumi na tisa ndiyo iliyogoma.

"Shikamoo, bibi. Vidonge sitaki," Naftali alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa anasuka kamba ya ng'ombe.

"Marahaba. Hata kiti sijapewa, nimeshafukuzwa."

Flora, mpwa wa bibi Selina, akamsogezea kigoda. Selina akajitua, akaugulia magoti. Tangu asubuhi walikuwa wanazunguka kaya za kijiji cha Mgori, Flora na ndoo ya maji na daftari, Selina na fimbo. Vidonge vya vikope, ugonjwa wa macho unaopofusha, hutolewa kwa urefu wa mtu. Alama za rangi kwenye fimbo Selina alizichonga kwa kisu zikawa mashimo. Mvua inafuta rangi, alidai.

"Nani huyo anavuta kamasi?" akauliza.

"Binti yangu, Peniel. Vumbi tu."

"Macho yanamtoka usaha, shangazi," Flora akanong'ona.

Baba akigoma, mtoto naye hamezi. Selina alilijua hilo vizuri.

"Kila mwaka mnatumezesha, wadudu wanarudi," Naftali alisema. "Dawa gani hiyo isiyoua?"

"Haiui, baba. Inawafungia jiko. Kila mdudu ana kajiko ndani yake, humo anapika vya kujengea mwili na kuzalia. Dawa inaziba chungu. Asipopika hakui, hazai, mwili wako unammalizia. Marehemu mume wangu nilimfungia jiko siku mbili tu, akawa mpole kama kondoo."

Naftali alicheka puani. Kamba iliendelea.

"Ila ukikataa wewe," Selina akasema, "jiko la humu linabaki linawaka. Nzi wanasambaza kwa majirani."

"Mimi macho yangu mazima, bibi. Mbuzi nawahesabu toka kule kilimani."

"Nami nilijisifu hivyo hivyo nikiwa na umri wako. Nikawafukuza wagawa vidonge na fimbo yao."

Naftali akakaza fundo la kamba. Selina alikuwa amechoka, na nyumba zilikuwa bado nyingi. Akaishusha khanga iliyomfunika macho, akainuka, akatembea moja kwa moja kwenye ua wa miiba.

"Lango liko huku, shangazi," Flora alisema, akimshika kiwiko.

Naftali akainua kichwa. Kamba ikamdondoka.

"Peniel," akaita taratibu, "njoo. Nipimwe mimi kwanza."