Jiko Lililokataa Kula

Ilikuwa omena moja tu, dagaa mdogo wa ziwani, imekauka ngumu kama msumari, imekwama pale skurubu ya jiko inaposukuma vidonge vya vumbi la mbao kuelekea motoni.

Seline aliichomoa kwa pini ya nywele. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyejiletea shida. Mfuko wa vidonge hivyo uliporaruka, alivimimina kwenye gunia tupu la omena kutoka ufuo wa Dunga, wala hakulikung'uta.

Aligeuka amwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu.

Akawasha. Skurubu ikazunguka, vidonge vikateremka, moto ukashika, naye akateleka maji ya ugali.

Simu ikalia. Alikuwa mwanawe wa Nairobi, aliyemtumia jiko hilo. Zamani alikuwa akipiga Krismasi na Pasaka tu. Tangu jiko ligome, alipiga kila jioni.

"Mama, bado imekataa kula?"

Nyuma yake watoto walikuwa wakicheka, wajukuu ambao Seline hajawahi kuwabeba.

"Uligonga pale chini nilikuambia?"

"Niligonga, baba."

"Na bado? Ama nikuje wikendi na hawa watoto, niangalie mwenyewe?"

Seline alitazama moto. Maji ya ugali yalikuwa yameanza kuchemka. Omena ilikuwa bado kiganjani mwake, nyepesi kama si kitu.

"Kuja," alisema. "Hii kitu imenishinda kabisa."

Simu ilipokatika, alizima jiko, akangoja chuma kipoe, kisha akairudisha omena pale pale ilipokuwa.